Msuko wa Papa Teokotai

Klabu ya vijana ilipofungwa, Moeroa alilia kuliko wenzake wote, kisha akawa wa kwanza kusema hakulia. Ilikuwa mwezi wa tatu, ugonjwa umeingia nchini, na mji mzima wa Tokoroa ulikuwa umepigwa kufuli: shule, kanisa, kinyozi, uwanja wa raga. Anko Tuakana, msimamizi wa klabu, alibandika karatasi mlangoni, akawaambia vijana wakakae na watu wa nyumbani kwao, basi. Moeroa alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwaka ule ndio angetoka mstari wa pili wa wacheza ngoma aingie wa kwanza, na sasa mstari wenyewe haukuwepo.

Nyumbani walibaki watatu. Kulikuwa na bibi yao, Mama Ngapoko, ambaye watu wa Visiwa vya Cook pale mjini walimpenda na kumwogopa kwa kipimo kimoja. Kulikuwa na Moeroa, na mdogo wake Teo, wa miaka minane. Baba yao alikuwa migodini Australia na mipaka imefungwa. Mama yao alitunza wazee kwenye makao yao, na tangu ugonjwa uanze alilala hukohuko kazini, asije akaubeba mpaka nyumbani.

Anko Tuakana hakuwaacha vijana wake waoze. Kila Jumatatu aliwatumia kazi ya wiki kwenye kundi la simu. Wiki ya kwanza walipika mkate bila kununua chochote dukani. Wiki ya pili walipanga viti na mito sebuleni wakaruka kama kozi ya jeshi, na Teo akavunja mguu wa meza, Bibi akaufunga kwa kitambaa na kusema hata yeye akiumwa goti hufungwa hivyo hivyo. Kazi ya wiki ya tatu ilikuwa video ya dakika moja, yoyote ile, mradi ionyeshe mnavyokaa nyumbani. Na safari hii kulikuwa na zawadi. Anko Tuakana alituma picha ya ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne, aliyoichonga kwa mkono wake kutoka gogo moja, na tundu lake nyuma.

Moeroa aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Aliitaka. Tatizo ni kwamba Vaine, msichana wa mtaa wa pili, alikuwa ameshatuma video ya babu yake akicheza ngoma ndani ya beseni la kuogea, amevaa koti la mvua, na watu arobaini walikuwa wameipigia moyo.

"Babu wa Vaine ana kipaji," alisema Teo.

"Babu wa Vaine ana wazimu. Hebu nyamaza nifikiri."

Alipomtazama Teo, wazo likamjia lenyewe, maana alikuwa ameketi sakafuni na nywele zake zimemwagika mgongoni mpaka kiunoni. Siku zile vinyozi wote walikuwa wamefunga, na mji mzima ulikuwa ukinyoana majumbani. Wanaume walitokeza kwenye simu na vichwa kama mahindi yaliyogugunwa na panya. Video ya kinyozi wa nyumbani ingemchekesha kila mtu.

Lakini nywele za Teo hazikuwa nywele za kuchezea, na hili Moeroa alilijua. Hakuna atakayemtetea kwamba hakujua. Tangu mtoto yule azaliwe, mkasi haukuwahi kumgusa, kama ilivyo ada kwa mvulana wa nyumba inayojiheshimu. Shuleni aliitwa msichana, akapigana mara mbili, akarudi na pua inavuja damu, na bado nywele zikakua. Sherehe yake ya kukatwa ilikuwa imepangwa Jumamosi baada ya Pasaka. Ukumbi ulishapatikana, jamaa wa Rarotonga, kisiwani kwao, na wa Sydney walishakata tiketi, na Bibi alishamaliza kushona tivaevae, shuka kubwa la maua mekundu la kufunika kiti cha mtoto siku hiyo. Kila jamaa angeitwa kwa jina, angekata shungi moja, angeweka zawadi yake. Halafu ugonjwa ukaja na yote yakaahirishwa.

Na katika nywele zile, kisogoni kabisa, kulikuwa na msuko mmoja mdogo ambao Bibi aliusuka peke yake kila asubuhi na kuufunga utepe mwekundu. Zile zilikuwa nywele za kuzaliwa nazo. Zilikuwa za Papa Teokotai, kaka yake Bibi aliyeko Rarotonga, ambaye Teo alirithi jina lake. Yeye ndiye angekata wa kwanza.

"Huu si wako," Bibi alizoea kumwambia Teo akisuka. "Wa mwenye jina. Wewe unamtunzia tu, kwa hiyo usiukwaruze-kwaruze kama kuku."

Walirekodi Alhamisi mchana, kwenye chumba cha kufulia, wakati Bibi anasikiliza ibada ya redioni. Moeroa alimkalisha Teo juu ya ndoo, akamvisha taulo, akajichorea masharubu kwa makaa. Alikuwa na uzi mweusi wa kufumia aliouiba kwenye kikapu cha Bibi, ameufunga katikati ya nywele za Teo ili aukate huo. Simu aliiegemeza kwenye boksi la sabuni.

"Karibu bwana mkubwa! Leo tunakata mtindo gani?"

"Mtindo wa bosi," alisema Teo kwa sauti nzito, akijizuia kucheka.

Walirudia mara nne. Mara zote nne uzi ulionekana uzi. Ulianguka kama uzi, ukalala sakafuni kama uzi. Moeroa alitazama kwenye simu akasonya. Kichwani akamwona Vaine akiibeba ukulele, akamwona babu wa Vaine akiipiga ndani ya beseni.

"Moja tu," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "La chini. Nyingine zitafunika."

"Moja nini?"

"Kaa wima. Tazama kamera."

Mkono wake ulikwenda chini ya nywele zote, kisogoni, pale pasipoonekana, na uliposhika msuko alijua ni ule wa Papa, kwa sababu ya utepe. Nywele nyingine zingekuwa nzito kukata, huu ulikuwa mwembamba na ulikaa vizuri mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake, na ukiitazama hata leo haikui ikawa kubwa. Akakata. Msuko ukaanguka begani kwa Teo, ukateleza, ukadondoka sakafuni na utepe wake, na Teo akageuka akautazama, na uso wake wa mshangao ukanaswa wote kwenye video.

"Moeroa," alisema. "Ule ni wa Papa."

Moeroa alizima simu. Aliokota msuko, akaufunga ndani ya kiganja, na badala ya kuomba msamaha akafanya jambo baya kuliko lile la mkasi. Alimshika mdogo wake mabega yote mawili.

"Usimwambie mtu. Sikia? Ukisema, mimi si dada yako tena."

Teo alikubali kwa kichwa. Alikuwa na miaka minane na dada mmoja tu duniani.

Video ilishinda, na haikuwa hata karibu. Watu walipiga mioyo mia moja na kitu. Walisema wamecheka, wamelia, na zaidi ya yote waliusifia ule uso wa mtoto mwishoni. "Hii mmefanyaje jamani?" aliandika Anko Tuakana. "Roho yangu iliruka nikadhani mmekata kweli!" Moeroa akajibu, "Uzi wa kufumia, Anko," akaweka na kile kisura kinachokonyeza. Bibi mwenyewe aliitazama mara tatu, akaudhani na utepe ni wa kuigiza, akacheka hadi akashika mbavu, kisha akamtia Moeroa konzi ndogo ya kichwani kwa kumwibia uzi wake.

Masharti yalipolegea kidogo, Anko Tuakana alileta ukulele, akaitundika kwenye lango na kurudi barabarani, maana bado watu walikuwa hawaruhusiwi kukaribiana.

"Mshindi!" alipiga kelele. "Ukiivunja nitakuvunja!"

"Asante, Anko!"

"Na huyo msanii wako, mwambie ana kipaji kuliko wewe!"

Teo alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Hakutoka.

Jioni hiyo Moeroa, ambaye tangu siku ile alikuwa akihamisha msuko kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, aliusukumiza ndani ya tundu la ukulele kwa vidole viwili. Huko hakuna wa kuchungulia. Kuutupa hakuweza, kuutazama hakuweza pia.

Lakini kila asubuhi kuna kusuka, na Bibi hakuwa kipofu. Kwa hiyo Moeroa alikuwa amemwahi tangu asubuhi iliyofuata ile siku ya mkasi. Kwa bahati yake, au kwa balaa yake, baridi ilikuwa imeanza na vidole vya Bibi vilikuwa vimevimba.

"Bibi, pumzisha mikono. Mimi nitamsuka Teo mpaka joto lirudi."

"Wewe? Uliyekuwa ukikimbia hata kuchana za kwako?"

"Hakuna klabu, Bibi. Nifanye nini?"

Bibi alimtazama kwa muda, na macho yake yakalegea kwa furaha. Moeroa akaona afadhali angepigwa kofi. Kuanzia siku ile alimsuka mdogo wake kila asubuhi, akitoa nywele za pembeni na kuzisuka kisogoni, akizifunga utepe mwingine mwekundu. Alizoea, akawa hodari. Kila asubuhi Teo alikaa kimya chini ya mikono yake, na zamani mtoto yule alikuwa haishi maneno.

Na sifa zikaanza. Bibi alikuwa na simu na hakuwa na pa kwenda, na nyote mnajua mwanamke wa namna hiyo anaweza kufanya nini. Aliwapigia Rarotonga. Aliwapigia Sydney. Alimpigia mama yao kazini. "Huu ugonjwa umenirudishia mjukuu," alisema, Moeroa yupo jikoni anasikia. "Walipofunga klabu nilidhani atanisumbua. Kumbe! Anasuka, anakanda maandazi, anapiga deki. Wala hakufundishwa na mtu." Hata mchungaji alipiga simu kumpongeza. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Moeroa alikuwa ameshalitia maji kabla hata ya kusifiwa, na sasa kila mtu alikuwa akionja na kusema ni tamu. Aliona haya mpaka akashindwa kula mbele ya watu. Alipiga deki zaidi, ili asikae karibu na mtu, na kwa hilo pia akasifiwa.

Mara mbili alijaribu kusema. Mara ya kwanza alimfuata Bibi kwenye kamba ya nguo.

"Bibi."

"Nini, mwanangu?"

"Nauliza... sukari imekwisha?"

"Ipo nusu kopo."

Mara ya pili hata hiyo sukari hakuiuliza.

Mwezi wa sita mikutano iliruhusiwa tena. Bibi hakungoja wiki ipite. Alisema sherehe ya Teo itakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, mipaka ifunguliwe isifunguliwe, na walioko ng'ambo, na mama yao aliyekuwa bado haruhusiwi kutoka kazini, watatazama kwenye simu. Papa Teokotai alikuwa na miaka themanini na mbili na moyo wake ulikuwa wa kuhesabiwa mapigo. Bibi alitaka aone kabla hajaenda. Aliamua binti wa kaka yake huyo, aliyekaa Hamilton, mji wa jirani, ashike mkasi kwa niaba, mzee akihesabu kwa sauti kutoka Rarotonga.

Jumapili moja alasiri, zikibaki wiki mbili, baada ya kanisa, Bibi aliweka beseni la maji ya moto mezani na chupa ya mafuta ya nazi. "Leo namwosha mwenyewe," alisema. "Nataka nizione zote kwa mara ya mwisho." Moeroa alikuwa anakanda unga wa maandazi. Mikono yake ilikuwa imezama mpaka kwenye vifundo, na hakuitoa.

Bibi alifungua misuko mmoja baada ya mwingine, akiimba polepole. Alipofika kisogoni akaacha kuimba. Alipapasa. Akainamisha kichwa cha Teo mbele, akavaa miwani.

"Teo," alisema. "Hapa pamekatwa."

Teo aliinua macho, na maji yakimtiririka usoni, akamtazama dada yake. Alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anangoja, na Moeroa alijua anangoja nini, na alikuwa na nafasi ya kutosha kusema neno lile moja mara kumi. Akaukunja unga, akaupiga, akaukunja.

"Nani kakata?" Bibi aliuliza.

"Mimi," alisema Teo.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa nacheza."

Bibi hakumpiga. Ingekuwa heri. Aliketi, akajifuta mikono kwa aproni kidole kimoja kimoja, akalia bila sauti kama walivyolia wanawake wa kwao siku ya msiba. Halafu akachukua simu akampigia kaka yake, maana habari ya namna hiyo huipeleki kesho. Moeroa alimsikia mzee akiuliza kutoka mbali, "Mtoto kakata mwenyewe?" Bibi akasema, "Mwenyewe."

"Basi usimpe mtu mwingine nafasi yangu," alisema mzee. "Siku hiyo niite wa kwanza kama ilivyopangwa. Mkasi utulie kwa kitambo. Halafu mwite wa pili."

Maandazi ya siku ile yaliiva vizuri. Hakuna aliyeyala.

Wiki zile mbili Moeroa aliona kwa macho yake jinsi mtoto anavyobebeshwa lawama. Kila shangazi aliyepiga simu aliomba apewe Teo, na Teo akasimama na simu sikioni akisema, "Ndiyo, Shangazi. Samahani, Shangazi." Binamu zake walimwita Mkasi. Jina likashika upesi, kama yanavyoshika majina mabaya. Hata kwenye klabu, ilipofunguliwa, watoto walimpokea kwa vidole viwili vinavyofunguka na kujifunga kama mkasi. Bibi alimpaka mafuta bila wimbo. Na siku alipochoka akasema mbele yao wote wawili, "Mtazame dada yako, Teo. Miezi mitatu ametunza nywele zako kama mboni ya jicho. Wewe unazikata kwa mchezo." Teo akasema, "Ndiyo, Bibi." Alikuwa hamwangalii tena dada yake. Alikuwa ameacha kungoja.

Moeroa alijichukia, na kujichukia kwenyewe hakukumsaidia mtu yeyote. Aliyajua hayo pia.

Siku mbili kabla ya sherehe Anko Tuakana alimwita kwenye mazoezi. "Mshindi wetu atapiga na bendi," alisema. Moeroa akapiga, na ukulele ikatoa sauti ya kukabwa.

"Ina nini hiyo?" Anko Tuakana alikunja uso. "Nilipoileta haikuwa na mafua. Lete niichungulie."

"Ni baridi, Anko," alisema Moeroa, akaikumbatia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu hawakuwa wameonana miezi, na walikuwa wakishikana kwa nguvu kama waliorudi kutoka vitani. Nyuma meza zilijaa kuku, nguruwe, majani ya magimbi kwenye tui, na viazi vya mayonezi vilivyokuwa vyekundu kwa bitiruti. Mbele kulikuwa na kiti, na juu yake tivaevae la maua mekundu likishuka hadi sakafuni, na juu ya tivaevae alikuwa Teo, amevaa suti nyeupe, shada shingoni, nywele zake zimefungwa mashungi arobaini na tisa, kila moja na utepe wake. Kisogoni Bibi hakuwa ameziba pengo. Aliacha utepe mwekundu mmoja umeshikizwa kwa pini pale palipokatwa, haukufunga kitu.

Simu ilisimamishwa kwenye kigoda, karibu na kiti. Papa Teokotai alikuwa amevaa shati la maua na tai, peke yake kwenye veranda yake, na alikuwa amechana nywele zake tatu.

Ngoma zililia, zikanyamaza. Bibi alisimama na karatasi ya majina, na sauti yake haikutetemeka.

"Wa kwanza. Teokotai, mwenye jina."

Hakuna aliyesogea. Mkasi ulikuwa juu ya mto, na ukumbi mzima, watu mia mbili, ukautazama mkasi, kisha ukautazama utepe usiofunga kitu, kisha ukamtazama mtoto. Ule ukimya alioutaka mzee ulikuwa umeingia. Mahali fulani nyuma, kijana mmoja akafungua na kufunga vidole, na mwenzake akapumua kicheko puani. Teo alisikia. Moeroa aliona shingo ya mdogo wake ikiingia mabegani, nyembamba, na akaona anajitahidi asilie juu ya shuka la Bibi.

Bibi akafungua kinywa amwite wa pili.

"Si Teo," alisema Moeroa.

Alikuwa amesimama katikati ya bendi na hakukumbuka kusimama. Vichwa viligeuka. Bibi akamkazia macho kama mtu anayemwambia mtoto wakati wa sala, kaa chini.

"Nani anasema?" iliuliza simu. "Msogezeni."

Moeroa alikwenda mbele. Aligeuza ukulele, akaingiza vidole viwili tunduni, akavuta. Msuko ulitoka polepole, na utepe wake mwekundu umekunjamana. Akina mama waliokaa mstari wa mbele wakaguna.

"Nilikata mimi," alisema, na sauti haikuwa na nguvu ya kufika popote. "Kwa ajili ya video. Ile ya kinyozi. Uzi ulikuwa hauonekani kama nywele za kweli. Nikamtisha Teo asiseme."

Bibi aliweka karatasi chini. Hakutazama msuko. Alimtazama mjukuu wake usoni, na kitu alichokuwa akikitafuta hakukipata.

"Ulikuwa unakanda maandazi," alisema. "Siku ile. Ulikuwa pale pale."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nikakusifu."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akaketi. Moeroa angependa sakafu ifunguke, lakini sakafu ya ukumbi ule ni ya mbao ngumu na haikufunguka.

Sauti ya mzee ilikuja kwa kuchelewa, kama inavyochelewa kutoka ng'ambo. "Basi msuko wangu umekatwa na wewe," alisema. Hakuwa mkali. "Sawa. Unajua ada. Anayekata hutoa. Wewe ulipokata, ulimpa nini mtoto?"

Moeroa alifikiri. Alimpa ndoo ya kukalia. Alimpa kitisho. Alimpa jina la Mkasi, na simu za mashangazi, na wiki mbili bila wimbo. Hakuweza kuyataja hayo. Alipiga magoti, akaiweka ukulele juu ya tivaevae, miguuni pa Teo, mahali pa zawadi.

Teo aliitazama. Ilikuwa ukulele nzuri na kila mtoto pale ukumbini aliitamani. Akaisukuma kwa ncha ya kiatu chake cheupe, mpaka ikateleza kutoka kwenye shuka ikalala kwenye mbao.

"Sitaki hiyo," alisema. "Sema tena. Wale wa nyuma hawakusikia."

Moeroa alisimama. Akageukia ukumbi, kwa mchungaji aliyempongeza, kwa Anko Tuakana aliyeshika kichwa, kwa Vaine, kwa binamu wenye vidole. Akasema kwa sauti ya kuita mtu upande wa pili wa barabara.

"Teo hakukata! Nilikata mimi, nikamwacha abebe!"

Maneno yakafika ukutani yakarudi. Kutoka Rarotonga, baada ya kuchelewa kwake, mzee akasema, "Nimesikia."

Teo alifuta uso kwa mkono wa suti. Akanyoosha shingo, akaketi wima kama mwenye kiti, mashungi yake hamsini kasoro moja yakimwangukia mgongoni.

"Haya, Bibi," alisema. "Mwite wa pili."

Bibi akaokota karatasi yake, akasoma jina, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja na mkasi ukaanza kulia. Moeroa alibaki amesimama pale pembeni na msuko mkononi, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia aketi.